Gari Nililolinunua kwa Mtani Wangu

Mimi niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Leo nina malori mawili, mashine ya kusaga, na nyumba ya bati yenye vyumba saba hapa Sindeni, na waliofika darasa la nane ndio wanaonipisha njiani. Sijivuni. Nasema kilichopo. Watu huniuliza nilianzia wapi, nami huwajibu kwamba nilianza na gari bovu. Wanacheka. Basi leo nimekaa chini na kalamu, nieleze vizuri.

Mwaka nilioanza ndio tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa. Kila mtu kapewa kiwanja chake kwenye mstari, shamba la kijiji kule, la kwako huku. Wenzangu walikuwa bado wanalilia miembe waliyoiacha kwenye mahame, mimi niko kwenye mbuzi. Niliwanunua kwa Wamasai wa nyika za Handeni, nikawaswaga kwa miguu mpaka Korogwe, nikawauza kwenye makambi ya mkonge. Mbuzi mimi namfungua mdomo, namtazama meno, namminya kiuno, halafu naanza kumtukana. Namtukana mpaka mwenyewe anaona aibu kuwa naye. Hapo ndipo bei inashuka. Shuleni hawafundishi hivyo.

Mke wangu wa pili ni Mshambaa wa Bungu. Siku nilipokwenda kuposa, baba yake aliwaambia wanawe mbele yangu, "Fungueni madirisha, wagosi, kuna beberu limeingia ndani." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Binti nilimpata, kwa kuwa alinitaka mwenyewe, lakini neno lile nililitia moyoni. Nikaapa kwamba siku ya kurudi Bungu nitapanda na gari langu mwenyewe, mke kakaa mbele, watoto nyuma, na yule mzee atanifungulia mlango.

Ndipo nikasikia habari za Mnyamwezi wa Kilole.

Huyu alikuja Korogwe kijana, manamba wa kukata mkonge, akapanda hadi kuwa dereva wa meneja wa shamba. Alimwendesha Mzungu huyo miaka na miaka. Serikali ilipochukua shamba, Mzungu akarudi kwao, akamwachia mzee gari badala ya kiinua mgongo. Lilikuwa gari la familia, refu, rangi ya maziwa, safu tatu za viti. Wakubwa wapya wa shamba wakamwambia mzee aiache nyumba mwisho wa mwezi. Na mkewe alikuwa amepofuka. Huyo mama alikuwa na neno moja tu: arudishwe kwao Tabora, akafie mahali anapozijua sauti za watu. Korogwe nzima ililijua jambo hilo. Mzee angeuza gari, wangepanda treni wote wawili, na kingebaki cha kuezekea kibanda huko kwao.

Nami nililijua, na nilifurahi kulijua. Mtu anayehesabu siku hanisumbui kwenye bei.

Kuna kitu kingine. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kuku wako anaondoka naye, wewe unacheka na kwenda kumkomboa kwa kitu kidogo. Hata msibani mtani anaruhusiwa kumcheka marehemu, na waliofiwa wanaitikia. Ndivyo tulivyolelewa. Mzee wa umri ule ningemwamkia shikamoo, lakini mimi nilianza utani tangu mlangoni.

"Wewe mpagazi!" nikamwita. "Bado hujafa? Au meno ya tembo uliyobeba yamekushinda kushusha?"

Akatoka anacheka. "Loo, Mzigua! Mwanangu, babu zako walijiuza wenyewe kwa kibaba cha mtama, leo wewe una kitu cha kununulia gari?"

Majirani wakaanza kusogea. Ndivyo nilivyotaka.

Alitaka bei ya mbuzi arobaini. Nikalizunguka gari kama ninavyomzunguka beberu. Nikapiga teke tairi. Nikafungua mlango, nikaufunga, nikaufungua tena. Nikasema kiti cha nyuma kinanuka kama Mnyamwezi aliyetoka safari. Nikasema taa moja inatazama Tanga nyingine inatazama Moshi. Majirani wanakufa kwa kucheka. Kila nikimtukana, mzee anacheka nao, na kila akicheka, bei inashuka. Angefanya nini? Angenuna, watu wangemwona hajui utani.

Nilipofika kwenye mbuzi ishirini na tano nikamgeukia mkewe, amekaa mlangoni juu ya kigoda, mikono magotini. "Na huyu je? Naye anauzwa na gari? Maana naona taa zake zote mbili zimezimika."

Kicheko kilikatika kidogo, halafu kikaendelea. Mama yule hakucheka wala hakununa. Aligeuza tu uso kuelekea sauti yangu. Mzee yeye alicheka, lakini alikuwa ametazama chini.

"Haya, kumi na nane," akasema. "Lichukue, Mzigua. Litatutosha madeni ya duka na tiketi."

Kabla ya kunipa ufunguo akanizungusha. "Mtani, nikwambie. Hii mita unayoiona imekwisha zunguka yote, ikarudi sifuri, ikazunguka tena. Hii ni safari yake ya tatu. Gari limechoka kuliko mimi. Klachi yake ni ya kuombea dua. Hapa chini Korogwe, Handeni, litakwenda. Mlimani usilipeleke, litakurudisha kinyumenyume mbele ya wakwe."

Alisema haya huku anacheka, na watu wanacheka, nami nikacheka kuliko wote. Nilijua anachofanya. Ameona amepunjwa, sasa anataka kunitia hofu nimwachie. Nikachungulia ile mita. Namba nazisoma vizuri mno: maili elfu sita na ushei. Nikajiambia, kumbe Mzungu alikuwa analitazama tu! Nikaondoka Kilole nikipiga honi. Kuendesha nilijifunza kwenye trekta la mkonge.

Siku ya nne nikapanda Bungu. Mke wangu mbele na kanga mpya, mama yangu mzazi nyuma yake, watoto watano, mbuzi wawili wa zawadi, na shemeji zangu wawili tuliowaokota njiani ili wakashuhudie. Mwanzo wa mlima gari lilikohoa. Kona ya tatu rejeta ikaanza kutoa mvuke. Tukakaribia migomba ya kwanza ya mkwe wangu, naziona nyumba kabisa, nikakanyaga klachi, mguu ukazama kama kwenye uji. Injini inanguruma, gari haliendi. Halafu likaanza kurudi. Lilirudi kinyumenyume, vile vile alivyosema, mpaka likatumbukia kwa mkia kwenye migomba, na mbuzi mmoja akavunjika mguu.

Mkwe wangu alifika akiegemea bakora yake. Akalitazama gari, akanitazama mimi, akamtazama mbuzi.

"Safari hii beberu limeletwa na beberu jingine," akasema. "Wagosi, msukumeni mwenzenu."

Wakanisukuma. Mama yangu alipanda mlima uliobaki kwa miguu, ameshikwa mkono na watu waliokuwa wakimcheka mwanawe. Mimi sikupanda. Niliteremka Korogwe, kwa miguu na kwa lori la mboga, na hasira niliyokuwa nayo ningeweza kuitafuna.

Nilimkuta mzee stesheni. Ilikuwa alasiri, watu wamejaa, treni ya kwenda kukutana na ile ya reli ya kati inangojwa. Mkewe amekaa juu ya furushi, kavaa vizuri, kajitia wanja kwenye macho yasiyoona. Mzee aliponiona akapiga makofi ya furaha.

"Mzigua! Umekuja kutusindikiza?"

"Nirudishie mbuzi wangu," nikamwambia.

"Mbuzi wako ndio hawa," akasema, akainua tiketi mbili, zile za karatasi ngumu, ndogo kama kidole gumba. "Hawa wa kwangu, hawa wa mama. Gari limekurudisha kinyumenyume? Si nilikwambia!"

Abiria wakacheka. Cheko lile lilikuwa lile lile la Bungu. Nikampokonya tiketi mkononi, nikazitia mfuko wa shati, nikafunga kifungo.

Hakukasirika. Kwa nini akasirike? Mtani amechukua kitu, kitu kitakombolewa. Akaingiza mkono kwenye kapu akatoa kuku, amefungwa miguu, akanitia mkononi. "Haya, fidia yako hii. Nipe."

"Haitoshi."

Akavua kofia akanivalisha. Watu hoi. "Na kofia juu yake! Nipe, mtani, treni hiyo inakuja."

"Haitoshi."

Treni ikaingia. Watu wakaanza kusukumana. Mzee bado anacheka, lakini sasa anacheka haraka haraka, na mkono wake umeshika kifungo cha mfuko wangu. "Mtani, umetuchekesha vya kutosha. Mama ameshasimama." Kweli, mama alikuwa amesimama, kashika furushi, uso kaelekeza kwenye mlio wa mabehewa. Nikaushika mkono wa mzee nikautoa kwenye shati langu. Karani wa stesheni akapita, nikamwona amesita, halafu akaona kofia ya mzee kichwani kwangu na kuku mkononi, akatabasamu akaenda zake.

Treni iliondoka. Nililiona behewa la mwisho. Nilimwona pia mzee akielewa. Lile cheko halikuondoka usoni mara moja. Lilibaki pale kama kitu kilichosahauliwa.

"Kwanza ulipandishe gari langu Bungu," nikamwambia. "Halafu utazipata."

Mama yule akauliza, "Tumeshapanda?"

Mzee alikwenda kulalamika kwa balozi wa nyumba kumi, na balozi akampeleka kwa mwenyekiti. Wote walimsikiliza, wote wakacheka. "Mnyamwezi na Mzigua? Hayo ni ya watani. Kayamalizeni wenyewe." Nani angekata kesi ya watani?

Nyumba ya shamba ilikwisha chukuliwa. Nikawaleta Sindeni, nikawapa chumba karibu na zizi, na gari nikalivuta kwa trekta kutoka migombani. Mzee aliifungua ile injini yote chini ya turubai, akaichonga, akaibembeleza, akaazima spea kwa mafundi wa trekta, na baada ya wiki tatu alinipandisha Bungu. Mwenyewe akiwa kwenye usukani, lile gari halikukohoa hata mara moja. Mkwe wangu alinifungulia mlango. Nisiwafiche, ile ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizopata kuishi.

Nilipaswa kumpa tiketi jioni ile. Zilikuwa zimeshapitwa na siku, lakini ningeweza kumnunulia nyingine. Nikatazama lile gari, nikamtazama yeye. Gari lile hakuna aliyeweza kuliendesha ila yeye; alijua likilia hivi linataka nini. Nikamwambia, "Kesho, mtani." Akacheka.

Alibeba abiria wa Handeni, wagonjwa, mbuzi, magunia, mabibi harusi. Mwenyekiti alinung'unika kwamba kijiji cha ujamaa hakina gari la mtu mmoja, nami nikawa nambebea wageni wake bure, akanyamaza. Gari lile likaleta lori, lori likaleta mashine. Mshahara mzee sikumpa. Nilimpa chakula, chumba na nguo za sikukuu. Kila mwezi mwandamo alikuja barazani kwangu, anapangusa mikono ya grisi. "Mzigua, tiketi zangu?" Nami namjibu, "Mpagazi, una haraka gani? Reli inahama?" Watu wa barazani wanacheka. Yeye anacheka. Mimi nacheka. Miaka sita tulicheka hivyo. Sikumsikia hata siku moja akiniomba bila kucheka, na nilikuwa nikijiambia kwamba siku atakayoniomba hivyo nitampa.

Alifia kwenye usukani, gari limesimama, injini inazunguka. Lile gari halikuwahi kuwaka tena.

Nilimzika vizuri. Sanda mpya, pilau, watu wengi. Wakati wa kumfukia, watu walinitazama, maana kwa desturi mtani ndiye wa kusema. Hakuwa na ndugu pale, wala mtani mwingine isipokuwa mimi. Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema mpagazi ametua mzigo. Haikutoka. Ikabidi shehe aendelee.

Baada ya arobaini nilimpeleka mkewe stesheni Korogwe kwa lori langu. Nilimnunulia tiketi ya kitanda, si ya daraja la tatu, nikampa na fedha za njiani, na kuku wa kukaanga. Nilitaka watu waone. Nikamtia tiketi mkononi.

"Mama, hii hapa. Ya Tabora."

Aliipapasa pande zote kwa kidole gumba. Halafu akanyoosha mkono pembeni, akamgusa mtu aliyepita, mtu baki kabisa, kijana mwenye daftari.

"Mwanangu," akamwambia, "nisomee hii. Ni tiketi kweli, au huyu mtani bado anacheza?"

Kijana akasoma. "Ni tiketi, bibi. Tabora."

"Nisomee tena," akasema. Na akamwomba kijana yule ndiye ampandishe.