Sikio la Kushoto la Fundi

Mume wangu ni fundi magari, na mtaani wanamwita Fundi Sikio. Hana mashine ya kupimia injini. Anachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, ncha anaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini anaukandamiza kwenye sikio la kushoto, anafumba macho. Kisha anakwambia beringi ipi imekwisha. Sikio la kulia, anasema, ni la kuzungumzia na watu.

Sasa hilo la kushoto ndilo lililoanza kutoa usaha. Miaka minne! Akipewa dawa ya matone linakauka wiki mbili, kisha yale yale, na harufu yake, Mungu anisamehe, foronya zangu zinaijua. Mafundi wenzake wakamtania kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Alicheka nao. Lakini siku aliyofungua injini nzima ya mteja akitafuta mlio ambao haukuwemo, alirudi nyumbani akaniambia, "Mama watoto, likifa sikio hili, mimi si fundi tena." Hakula. Mtu yule, asile! Hapo niliogopa kweli.

Nikamburuta kwa daktari wa masikio, mama mmoja mwenye maneno machache. Alichungulia, akasafisha taratibu, akatuambia wadudu wa humo wamejijengea utando, kama ule utelezi wa ndani ya pipa la maji. Dawa inaua wa juu tu. Wa chini wamejifunika, wanangoja iishe waanze upya.

"Kwa hiyo kwanza tunaulegeza huo utando kwa asidi hafifu, jamaa ya siki," akasema.

Mume wangu akaruka. "Asidi? Ya betri?"

"Ya betri ibaki gereji, baba. Hii imepimwa na kuchanganywa na maji mengi. Na nakupa kwa sababu nimeona ngoma ya sikio lako haijatoboka. Usije ukajichanganyia yako jikoni." Akamkazia macho. "Kuna kitu chochote unachoingiza sikioni?"

"Hakuna, daktari."

Nilimwamini, mjinga mimi. Matone ya asubuhi na jioni nilimtia mwenyewe, amelaza kichwa mapajani mwangu, ananung'unika kuwa yanawasha. Wiki ya tatu sikio likakauka. Ya nne likalowa tena.

Siku hiyo nikampelekea chakula gereji bila kumwarifu. Nikamkuta amefumba macho, mpini wa bisibisi umezama sikioni. Nikamnyang'anya, nikautazama: mbao imepasuka, na ndani ya nyufa kuna grisi ya tangu tuoane.

"Si ulimwambia daktari huingizi kitu?"

"Sasa bisibisi ni kitu? Hiyo ni kazi!"

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya tairi, kisha nikamgombeza mbele ya wateja wake. Daktari alipoambiwa naye alicheka, akasema utando tuliokuwa tunaubomoa nyumbani, bwana alikuwa akiujenga upya kazini. Matone yakaanza tena, bisibisi ikapigwa marufuku. Wiki sita injini zilisikilizwa na mafundi wenzake, yeye kazi yake kuwakosoa.

Juzi daktari alimchungulia, akasema sikio ni kavu na safi. Kama usikivu utarudi, hilo tusubiri. Tukatoka. Nilitembea upande wake wa kushoto, niliouzoea miaka yote minne kwa sababu huko niliweza kusema lolote kwa sauti ya chini asisikie. Nikanung'unika kama kawaida yangu, "Mzee mkaidi huyu. Na akinitangulia, sijui nitaishi na nani."

Hakugeuka. Alitembea hatua tatu nne, macho mbele.

"Sitangulii popote," akasema.