Hedifoni za Mama wa Mashine

Mama anayesaga unga pale Buswelu hanunui kitu kwa macho. Hata mahindi ya mteja huyang'ata kwanza punje moja, akasikiliza inavyovunjika, ndipo ayasage. Hedifoni za mtumba, zile za kuzima kelele, nazo alizipima hivyo hivyo: akaminya sponji, akazinusa, akazikunja na kuzikunjua, unga ukimdondoka kwenye nyusi. Seif, fundi simu aliyezikarabati na kumletea azinunue, akamwonea huruma.

"Mama, hizi ni toleo la zamani. Ongeza kidogo uchukue mpya."

"Tusibishane. Mashine ndiyo itakayosema."

Akaiwasha, kibanda kikatetemeka. Akazivaa, akafungulia kwenye simu wimbo wa kwaya ambao sauti yake ya pili ilimshinda mwezi mzima, hadi mwalimu akaapa kumweka benchi Jumapili. Akafumba macho. Mkono ukaendelea kugonga bati la mashine mahindi yashuke, mdomo ukafuata wimbo, taratibu, kisha kwa kifua chote, kila noti mahali pake. Foleni nzima ya ndoo ikageuka kumtazama.

Alipozivua, akakunja uso.

"Kumbe mashine yangu ina kelele hivi," akasema, akazivaa tena.