Karani wa Mizani na Mwizi wa Kengele

Karani wa mizani ya kakao pale Ipyana hukusifia riwaya yake kabla hujashusha gunia. "Binti wa darasa la sita tu, lakini polisi wazima wanamsubiri yeye aseme nani kaiba kengele ya kanisa. Kasome!" Hukukabidhi kitabu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, ila ukurasa wa mwisho hubaki mfukoni mwa shati lake, maana vitabu vyake vingine aliwaazima wacha Mungu na havikurudi. Unamtaka mwizi? Rudisha kitabu. Juzi nesi Emerensiana, aliyekuwa amekiazima, alifika nacho pamoja na mabegi, amehamishiwa Kagera, bodaboda inanguruma nje, na sura tatu hajazisoma. "Baba, nikiondoka bila kumjua mwizi, nitadunga watu sindano pasipostahili." Karani alifumba macho, akapapasa mfuko, akautoa ukurasa. "Nenda navyo vyote, mwanangu. Ila usianzie mwisho." "Ndaga fijo, asante sana, baba!" nesi akasema, akarukia bodaboda. Jana asubuhi karani alimsifia mkulima Aliko riwaya ileile. "Kitabu kiko wapi sasa?" Aliko akauliza. Karani akamkalisha juu ya gunia, akaanza kumsimulia kwa kichwa, sura baada ya sura, hadi binti anainua kidole kumwonyesha mwizi. Hapo akakohoa, akachungulia gunia. "Kakao yako bado mbichi. Ianike, urudi keshokutwa."