Nilivyofunga safari hadi Madibira kumfumania mume wangu, nikakuta nyota kwenye simu yake

Wakuu, heshima zenu.

Kwa muda mrefu nimekuwa wa kusoma na kupita, leo naandika ya kwangu. Majina nimebadilisha, mengine nimeyaacha kama yalivyotokea. Atakayesema nimetunga, hii ni chai, sawa, ila mimi niliinywa ikiwa ya moto.

Niko Iringa mjini, naishi Mlandege. Nafanya kazi ya kompyuta kwenye chuo fulani: nasafisha taarifa za wanafunzi, majina yaliyoandikwa hovyo, namba zilizokosewa, mambo hayo.

Mume wangu, humu nitamwita Baba Anitha, ni fundi wa mashine za kuvunia mpunga. Msimu ukifika anahamia Madibira, kule Mbarali, hadi mavuno yaishe. Tumeshazoea. Mimi napiga mchana nikipata upenyo, yeye anapiga jioni akitoka shambani.

Mwaka huu mambo yakabadilika.

Nikipiga mchana, namba unayopiga inatumika. Nikisubiri nipige tena, inatumika. Asubuhi kabla hajaingia shambani, inatumika. Jumapili natoka kanisani, inatumika.

Jioni anapiga mwenyewe, anaongea vizuri tu, anamuulizia mtoto, anacheka. Nikiuliza mchana alikuwa anaongea na nani, anasema hajaongea na mtu, labda ni mtandao wa huku.

Jamani. Mtandao ukiwa mbovu unaambiwa haipatikani. Inatumika ni inatumika.

Halafu siku moja tukiwa tunaongea nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yake: "Fundi, chakula kinapoa." Nikauliza ni nani. Akasema ni Kabula, anatupikia hapa. Jina nikaliweka kichwani.

Jirani yangu Mama Neema ndiye aliyenipa wazo la kupima. Nikachukua simu yake, nikapiga. Ikaita mara moja, akapokea. Nikakata. Nikapiga kwa yangu hapo hapo: inatumika.

Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nimeblokiwa na mume wangu wa ndoa ya kanisani.

Nilipomwambia jioni akaapa hajanibloku. Akanitumia hadi picha ya skrini WhatsApp, orodha ya waliozuiwa kwenye simu yake haina mtu hata mmoja. Badala ya kutulia nikazidi kuwasha. Mtu asiye na kosa, hiyo haraka ya kuleta vielelezo anaitoa wapi?

Kilichonimaliza ni Anitha kuugua. Homa ilipanda ghafla, mtoto akashikwa na degedege mikononi mwangu. Nilipiga simu nikiwa nimemshika mtoto, napiga tena na tena, inatumika. Mama Neema ndiye aliyetafuta bajaji tukakimbia hospitali. Mungu mkubwa, akapata nafuu.

Jioni baba mtu akapiga kama kawaida, ananisimulia mashine ilivyomsumbua. Nikamwambia mtoto yuko hospitali. Akashtuka, akauliza mbona hukunipigia.

Hilo swali ndilo lililonipandisha gari.

Mtoto aliporuhusiwa nikamwachia mdogo wangu, nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Mafinga na kutoka hapo nikashika njia ya Madibira. Sikumwambia mtu. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia huyo Kabula.

Kufika nikaulizia fundi wa mashine, nikaelekezwa kibandani kwa mama mmoja Msukuma, mnene, mchangamfu, wazazi wake walihamia bonde hili la Usangu na ng'ombe zao yeye akiwa mdogo. Ndiye Kabula mwenyewe. Nikajitambulisha kwa sauti ya baridi kabisa.

Akanivutia kiti.

"Kumbe ndiye Mama Anitha. Afadhali umekuja, mwambie mumeo abadilishe simu. Nikimpigia kwamba wali umeiva, inatumika. Nilishaanza kudhani anakula kwa mwingine."

Nikamtazama usoni. Nikawaza, huyu ameshaonywa, anajihami.

Nikamwomba apige mbele yangu. Akaweka spika: inatumika. Kulikuwa na msimamizi wa mashine anakula pale, naye nikamwomba apige. Ikaita. Fundi akapokea, akasema anakuja.

Hapo kichwa changu cha kazini kikaamka. Namba mbili zinakataa, mbili zinapita. Nikawaomba wanitajie namba zao, nikaziweka pamoja na yangu na ya Mama Neema, ambayo naijua kwa kichwa. Yangu ina tarakimu ya moja ndani. Ya Kabula ina moja. Ya msimamizi haina, ya Mama Neema haina. Nikawaomba na wengine waliokuwa wanakula wapige. Mwenye moja anaambiwa inatumika, asiye na moja anapita.

Mwanaume anayezuia wanawake namuelewa. Anayezuia tarakimu ya moja sijawahi kumsikia.

Baba Anitha akatokea na mafuta ya mashine hadi kwenye viwiko. Kuniona tu akauliza, "Mtoto mzima?" Nikamwambia mzima. Nikanyoosha mkono, nikamwambia naomba simu yako.

Akasita. Akasema kwanza kaa ule.

Wakuu, huko kusita nilikuona kwa macho yangu na kila mtu kibandani alikuona. Kabula akajifanya anakoroga maharage.

Akanipa. Kufungua sehemu ya meseji nikakutana na za kubeti, nyingi, zimejipanga kuliko zangu. Akainamisha kichwa. Akasema msimu uliopita alianza kuweka mikeka, akaona anapotea, akaacha. Lakini zile meseji na simu za matangazo zilikuwa zinamvuta arudi, ndiyo maana akapakua app ya bure ya kuzuia, yenye orodha yake mbali na ile ya simu. Hakuniambia kwa sababu ya aibu.

Sasa app ya kuzuia na meseji za kubeti zimejaa, inakuwaje? Nikaifungua. Alikuwa ameandika vitu viwili tu:

15*

*BET*

Juu yake kulikuwa na tangazo dogo ambalo hakulisoma: kuanzia toleo hili, patterns zote (yaani vielelezo vya kuzuia) ni regular expressions.

Nikakaa chini vizuri.

Kwa wasio wa fani, nitaeleza kidogo tu. Mwanzoni app ilikuwa inasoma wildcard. Kwenye wildcard nyota ni "chochote kile". Kwa hiyo 15* ni namba inayoanza na moja-tano, kisha chochote. Namba fupi za matangazo yale zilikuwa zinaanza hivyo, ikafanya kazi vizuri.

Kisha app ikajisasisha yenyewe, ikahamia regex, ndiyo hizo regular expressions, ila haikutafsiri alichoandika. Ikayabeba yale yale.

Kwenye regex nyota peke yake haimaanishi chochote kile. Inasema "kilicho kabla yangu, kiwepo mara nyingi au kisiwepo kabisa". Kwa hiyo 15* ikawa moja, halafu tano nyingi au hata bila tano. Tena haijaambiwa ianzie mwanzo wa namba. Popote penye moja, inakamata. Mke anakamatwa, mama wa wali anakamatwa.

Na hiyo *BET*, ya kukamata watumaji wenye BET kwenye jina, ni kichekesho. Inaanza na nyota, na nyota haina cha kurudia kabla yake. Regex inaona ni kosa, app ikaitupa kimya kimya bila kumwambia mtu. Matokeo yake meseji za kubeti zinaingia, za mke zinazuiwa.

Nikamwandikia upya:

^15.*$

^.*BET.*$

Kikofia kinasema anzia mwanzo, nukta na nyota kwa pamoja ndiyo "chochote kile", alama ya dola inasema ishia mwisho. Ile alama ya kuuliza ya wildcard, inayosimama badala ya herufi moja, kwenye regex unaweka nukta. Nukta halisi unaiwekea mkwaju wa nyuma (\) kabla yake, na hata ile jumlisha ya +255. Kazini nafanya hivi kila wiki. Nyumbani nililia badala ya kufikiri.

Nikapiga. Simu ikaita mkononi mwake. Kabula akapiga, ikaita. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo.

Kisha nikafungua log, kumbukumbu ya waliozuiwa. Mimi nimejaa humo. Kabula yumo. Na kati yetu, mara nyingi mno, jina moja: Mzee.

Ni baba mkwe wangu, anaishi Igowole. Mume wangu si mtu wa kumpigia baba yake, hukaa akisubiri apigiwe, na mzee alipokuwa kimya yeye alidhani ni shughuli za shamba. Akampigia palepale, akaweka spika.

Mzee akapokea, akasema taratibu:

"Leo mkeo amekuruhusu?"

Kibanda kizima kikanigeukia.

Ikabidi tusikilize. Mzee kila akipiga anaambiwa inatumika, akaamua kwamba mkwe wa mjini amemfungia mwanawe simu. Alishawaambia na ndugu. Mimi niliyekuja kumshtaki Kabula, kule Igowole kesi yangu ilishasikilizwa na hukumu imetoka.

Kesho yake mume wangu akaomba ruhusa, tukapitia Igowole. Mzee alikuwa anachambua mbegu za viazi. Akaitikia salamu bila kunitazama. Nikapiga magoti, nikaanza kueleza.

"Baba, tatizo lilikuwa ni nyota kwenye simu."

Akaacha viazi. "Nani amemchezea mwanangu nyota?"

Nikaona nimeharibu zaidi. Nikaanza upya, nikaita alama, nikamwomba apige mwenyewe. Akapiga. Simu ikaita mkononi mwa mwanawe. Akakata, akapiga tena, ikaita tena. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi.

"Sawa. Na wewe mama, mbona namba yako sijawahi kuwa nayo?"

Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumpa, nilijua mwanawe anatosha. Nikaichukua simu yake, nikaandika namba yangu kwa jina langu.

Siku hizi ananipigia mimi kwanza. Hasemi mengi, anauliza mjukuu amekula nini, anakata. Mume wangu anasema mzee anapima kama napokea. Napokea.

Nilichojifunza: app ikibadilisha lugha ya pattern, usiamini kwamba imetafsiri ulichoandika. Tafsiri mwenyewe, kisha jaribu na namba ya mtu unayempenda. Na kabla hujapanda gari kwenda kumfumania mtu, muulize nani mwingine anaambiwa inatumika.

Nawasikiliza, wadau. Kama kuna aliyewahi kupatwa na hili aseme, na wa fani wanisahihishe pale nilipokosea kueleza.

Na wale mnaotaka kuniambia huenda alifuta vitu kabla hajanipa simu, nami niliwaza hivyo. Niliangalia.