Muhogo Mchungu Ulivyonifunga Macho

Mimi ni binti wa upande wa Rungwa. Nimesoma hadi darasa la saba, na kusema mbele ya watu naona haya. Ndiyo maana nimeandika.

Kabla sijaugua nilifundisha kisomo cha watu wazima. Mbele ya ubao tu ndipo sikuogopa.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, mvua ilikataa. Sisi ni watu wa uwele na mtama. Muhogo mchungu tuliletewa wakati wa njaa. Wanaoujua huuloweka siku tatu au nne ili sumu yake itoke. Sisi maji yalikuwa mbali, tukaufanya kama uwele: tukauanika siku moja, tukautwanga, tukasonga ugali. Miezi ikapita hatuna chakula kingine.

Nyayo zikaanza kuwaka moto. Kisha ukungu ukakaa katikati ya macho yote mawili, bila maumivu. Pembeni niliona, lakini nyuso za watu sikuziona. Nikawa nawapita wazee bila kuwaamkia.

"Kisomo kimempa kiburi," wakasema.

Kwa hofu nikaanza kuamkia kila kivuli. Siku moja nilipiga magoti, "Shikamoo!" Watoto wakaangua kicheko. "Dada, huyo ni ndama!"

Mjomba akanipeleka kwa mganga wa kienyeji. Alinikamulia majani machoni, kope zikavimba. Alipotaka kurudia nilifunika uso kwa kanga, nikakataa. Shangazi ndiye aliyenifikisha hospitali.

Daktari alinimulika machoni, kisha akauliza tunakula nini. Akasema, "Jicho lenyewe ni zima, binti. Kilichoumia ni mshipa wa nyuma yake, unaopeleka mwanga kwenye ubongo. Miwani haisaidii, wala hakuna operesheni. Acha muhogo huo, uchomwe sindano za vitamini, ule maharage na maziwa."

"Nitaona ubao tena?"

"Siwezi kuahidi. Mshipa uliokufa haufufuki. Uliochoka huenda ukapona."

Kila wiki nilikwenda zahanati nimeshika bega la shangazi. Sindano ziliuma hata nikawa nakaa upande. Mwezi ukaisha bila nafuu.

"Yatosha sasa," mjomba akasema. "Kaa usage. Jiwe halihitaji macho."

Sikuwahi kumjibu mkubwa. Siku ile nilijibu: "Sindano siachi, mjomba. Na muhogo usiolowekwa sili."

"Utakula nini, hewa?"

Nilikula maharage na mlenda. Baba alibadilisha asali yake kwa wafugaji, nikapata maziwa.

Mwezi wa tatu niliona wekundu wa kanga ya shangazi. Baadaye herufi kubwa, kisha ndogo. Jicho la kushoto bado lina doa katikati; nasoma nikigeuza kichwa kama kuku anayetazama punje. Wanaocheka na wacheke. Darasa langu nafundisha.

Namshukuru Mungu, shangazi, baba na yule daktari. Nanyi lowekeni muhogo, hata kama kisima kiko mbali. Ukungu ukikujia, nenda hospitali mapema, wala usikubali mtu akukamulie kitu jichoni. Na ukiambiwa, "Kaa chini, wewe ni kipofu," uliza ukiwa umesimama: daktari gani amesema?