Arifa za Oda za Leso

Jamani, wiki nzima nimehangaika na kijidirisha kimoja cha pembeni mwa skrini!

Programu yangu ya oda hufanya kazi kwenye kompyuta za kila aina. Bi Rukia, mwenye duka la leso Biashara Street, alitaka kila oda ikiingia imtolee arifa zile zile za kompyuta yenyewe, kile kijidirisha cha pembeni. Ikabidi niziandike kivyake kwa kila aina ya kompyuta. Kwangu zikatokea vizuri. Jana nikamuwekea.

Leo napita dukani, namkuta mama mmoja aliyetuma oda jana ya leso za arusi ya bintiye, amefura.

"Arusi ni kesho, na leso hazijapindwa?"

Arifa ya oda yake haikutokea kabisa! Nikaifungua kompyuta huku jasho lanitoka. Kumbe kwenye mipangilio, arifa zote zimezimwa.

"Bi Rukia, nani kazima?"

"Ni mimi, mwanangu. Kila saa kitu chachomoza pale, chanisumbua."

Nilitaka kulia. Nikashika mkasi nikakata pea moja moja, fundi wa jirani akapinda. Yule mama akazichukua, hata kwaheri hakutuaga.

Bi Rukia akanigeukia: "Programu yako nzuri, lakini oda ikija, wewe uwe wanipigia simu tu."

Wenzangu wa kazi hii, ningemjibu nini?