Maombi Mbele ya Mama wa Shaba

Nilipewa kundi moja tu la wageni la kujaribiwa nalo. Nikiliongoza vizuri, jumba la sanaa lingeniajiri. Nikivuruga, ningerudi kukaa chumbani kwangu mtaani Bellevue na shahada yangu. Maonyesho yalikuwa ya mchongaji mmoja wa kisasa, Mwingereza: wanawake wa shaba wenye matundu tumboni, na michoro yake ukutani. Wakubwa walitaka wageni wanaozungumza Kiswahili, nikawaalika akina mama wa ushirika wetu wa kanisa, wa Wakenya tuishio huku ugenini. Wengi wao hufanya kazi benki na vyuo vikuu, watu wa kuuliza maswali. Usingizi ulinipaa nikiyawaza maswali yenyewe. Wakiuliza tundu ni la nini? Na wasipouliza?

Maombi sikuyawaza.

"Tutaanza hivi hivi, bila kuomba?" mama mwenyekiti aliniuliza tulipoingia ukumbini. Kwetu hata kikao cha kuchagua rangi ya vitenge hufunguliwa kwa maombi. Nikasema sawa, mama, ila yawe mafupi. Wakatafuta mahali penye nafasi, na nafasi ilikuwa kumzunguka mwanamke mkubwa wa shaba aliyejilaza katikati ya chumba. Wakashikana mikono, wakainamisha vichwa.

Mimi sikufumba macho. Kwa hiyo nilimwona mzee mmoja mtalii akivua kofia kwa heshima, na mkewe akipiga picha. Kisha nikamwona msimamizi wangu mlangoni, amekunja mikono kifuani. Atadhani tunaabudu sanamu! Na akina mama wakigundua walivyoonekana, nitamtazama nani usoni Jumapili? Kazi na kanisa, vyote asubuhi moja.

"Umkumbuke mtoto wetu huyu, Bwana, apate kazi hapa."

"Amina!"

"Na huyu mama aliyelala..." Mwenyekiti alifumbua jicho moja, akaliona tundu. "Bwana, wewe wajua yaliyompata."

Amina ya pili ilitoka na kicheko, na baada ya hapo sikuwaweza tena. Mmoja aliinama akachungulia tunduni. "Mweka hazina, nakuona!"

"Toka huko! Unamchunguliaje mtu tumboni?"

Nikatamka sentensi niliyoikariri, kwamba kwa mchongaji huyu uwazi nao ni sehemu ya mwili. Niliisikia peke yangu. Walishahamia kwenye michoro, ambako alikuwa amemchora mwanamke yule yule tena na tena, kwanza mzima, kisha na kishimo, kisha na tundu lenyewe.

"Kumbe alimtoboa polepole," akasema mweka hazina. "Afadhali."

Walipoondoka, msimamizi akaniita. "Kule kufumba macho kabla ya kutazama, ni mbinu yako?"

Jibu la "ndiyo" lingetosha. Lakini nikisema ndiyo, atataka nieleze nimeisoma wapi, kisha niwafundishe wenzangu.

"Walikuwa wanaomba," nikasema.

"Wanaiomba sanamu?"

"Hapana! Wanamwomba Mungu. Anipe kazi hii."

Alicheka mpaka mlinzi akageuka na kusema eish, kama wenyeji wa huku wakishangaa. Akaniambia nije Jumatatu kutia sahihi mkataba, ila kundi lijalo lifumbue macho mapema kidogo, maana umeme wa taa hizi ni ghali.

Nilishukuru, nikabaki nimesimama pale pale. Hilo la umeme lilikuwa utani, au ndilo agizo langu la kwanza la kazi?